Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mawasiliano: mnara ukishawashwa, kazi ndiyo inaanza

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,
Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote,
Kwa wakuu wa ufundi wa kampuni za simu nchini.

YAH: UPIMAJI NA UREKEBISHAJI WA MITANDAO YA SIMU BAADA YA MINARA KUWASHWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi ya kupima na kurekebisha mitandao ya simu za mkononi, nikiwa chini ya wakandarasi ambao kampuni za simu huwaita mnara mpya unapowashwa au malalamiko ya wateja yanapozidi. Kazi hii haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Nyumbani walijua tu kwamba nimekwenda kupima, na majirani, kwa sababu ya gari lenye antena juu ya paa na kompyuta mbili kwenye kiti cha mbele, waliamini kwa muda mrefu kwamba natafuta madini. Sasa nimestaafu, na naandika kuhusu jambo moja nililoliona likijirudia kila mkoa niliopelekwa: tunahesabu minara kwa uangalifu mkubwa kuliko tunavyohesabu kile ambacho mnara unamfikishia mtu aliyesimama karibu nao.

Sina ugomvi na hesabu ya minara. Mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, iliyotiwa saini mwaka 2023, ilikuwa hatua kubwa, na anayekumbuka hali ya vijiji vyetu miaka ishirini iliyopita hawezi kuibeza. Lakini kati ya siku mnara unapowashwa na siku mkulima anapokamilisha muamala wake bila kurudia mara nne, kuna kazi ambayo haikatiwi utepe na haiandikwi magazetini, na kwa sababu hiyo ni rahisi sana kurukwa. Kazi hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Niruhusuni nianze na mnara mmoja. Mmiliki wake simtaji, kwa kuwa kosa nililolikuta pale nimelikuta kwa kila kampuni niliyowahi kuipimia. Ulijengwa kwenye ukingo wa milima ya Usambara Magharibi, upande unaotazama bonde la Mkomazi na barabara kuu ya kwenda Same. Kijiji ulichojengewa kiko kwenye mteremko, mita 900 kutoka mnarani na mita 120 chini ya usawa wa antena. Uliwashwa kwa shangwe, ukiwa na 2G na 3G. Wiki chache baadaye watu walikuwa wamerudi kupigia simu kwenye jiwe lao la zamani, lile waliloliita Posta, na barua za malalamiko zikaanza kupanda ngazi za ofisi hadi zikatufikia sisi.

Antena ya mnara haimwagi mawimbi pande zote kama taa ya chumbani. Mwale wake ni mpana ukiutazama kutoka juu, lakini ukiutazama kutoka ubavuni ni mwembamba, kwa kawaida kama nyuzi 7 tu, na fundi huuelekeza ardhini kwa kuinamisha antena. Mchoro wa mnara ule uliagiza mwinamo wa nyuzi 2. Kwenye tambarare hilo lingekuwa jambo la busara: kwa mnara wa mita 40 wenye mwinamo huo, katikati ya mwale hutua kama mita 1,150 kutoka mnarani. Lakini kutoka kwenye antena ile hadi kijijini palihitajika zaidi kidogo ya nyuzi 7 na nusu, ilhali ukingo wa chini wa mwale uliishia kwenye nyuzi 5 na nusu. Mawimbi yalipita juu ya mapaa ya bati yakaendelea na safari, na kwa kuwa bonde liko kama mita 700 chini, yakatua kilomita 20 mbele, kwenye mashamba ya mkonge.

Huko bondeni nako hayakuwa baraka. Katika 3G, minara ya kampuni moja hutumia masafa yaleyale, yaani mawimbi ya namba moja kama vituo viwili vya redio vilivyowekwa mahali pamoja, kwa hiyo mnara unaosikika mahali usipotakiwa huwa kelele kwa minara ya pale. Mwananchi huona vijiti vimejaa kwenye kioo cha simu, akashangaa kwa nini simu haitoki. Vijiti hivyo hupima ukubwa wa sauti tu. Fikirieni harusi yenye vipaza sauti vitano, kila kimoja na wimbo wake: sauti ipo tele, ila hakuna neno linaloshikika. Zaidi ya hayo, kila mnara hubeba orodha ya majirani zake, yaani minara ambayo unaweza kuikabidhi simu inayotembea. Minara ya bondeni haikuwamo kwenye orodha ya mnara wa mlimani, kwa kuwa aliyeiandaa hakutarajia kwamba ungesikika huko. Abiria wa basi aliyeshikwa na mnara wa mlimani aliongea vizuri kwa dakika moja au mbili, kisha simu ikakatika, kwa sababu hapakuwa na jirani wa kumpokea.

Tulikaa pale siku tatu. Tuliinamisha antena hadi nyuzi 8, tukaisahihisha orodha ya majirani, tukagundua pia kwamba kebo za sekta mbili, yaani pande mbili za mnara, kila moja na antena yake, zilikuwa zimepishana, hivi kwamba kila sekta ilikuwa ikirusha kuelekea upande wa mwenzake. Gharama ya matengenezo yote ilikuwa posho ya mpandaji, spana na mafuta ya gari. Siku ya nne hakuna aliyekwenda kwenye jiwe la Posta. Nawaomba mlilinganishe jambo hilo na gharama ya mnara mpya, kwa sababu mnara mpya ndio uliokuwa umependekezwa kabla hatujafika.

Mchoro uliagiza nyuzi 2 kwa sababu aliyeuchora hakuwahi kufika. Simlaumu, alikuwa na minara mingi ya kuchora kwa muda mfupi, naye alitegemea programu ya kompyuta, na programu nyingi za namna hiyo kwa miaka mingi zimekuwa na msingi mmoja. Mhandisi Mjapani, Okumura, na wenzake walipima jinsi mawimbi yanavyofifia ndani na kando ya jiji la Tokyo, wakachapisha vipimo vyao mwaka 1968. Mwaka 1980 mhandisi mwingine Mjapani, aitwaye Hata, aliigeuza michoro yao kuwa fomula inayohesabika kwa urahisi, kwa masafa ya megahezi 150 hadi 1,500 na umbali wa kilomita 1 hadi 20, na baadaye watafiti wa Ulaya wakaisogeza hadi megahezi 2,000. Ni fomula nzuri na nimeitumia maisha yangu yote ya kazi. Lakini namba zilizomo ndani yake zilitoka kwenye mitaa ya Japani, na mwenye kuitumia anatakiwa kwanza kuipima kwa mawimbi ya mahali alipo, aone inakosea kwa kiasi gani kwenye migomba ya Bukoba, kwenye mikorosho ya Masasi na ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa bati, kisha azirekebishe namba hizo. Kazi hiyo hufanywa kwa mtambo mdogo wa kurushia mawimbi, gari la kupimia na subira. Katika miradi mingi niliyofanya ilikuwa imeandikwa kwenye zabuni, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa bajeti ilipobana.

Suala la pili ni la uwezo wa kubeba watu, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu nitatumia hesabu. Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 fomula ambayo hadi leo huamua mnara unahitaji njia ngapi ili wapigaji wasigongane. Chukueni sekta ya 2G yenye masafa mamoja. Ina nafasi 8; moja hubaki kwa mawasiliano ya ndani kati ya simu na mnara, 7 hubeba maongezi. Tukikubali kwamba wapigaji 2 kati ya 100 wakose njia katika saa yenye shughuli nyingi, na kwamba kila mteja anaongea sekunde 90 ndani ya saa hiyo, nafasi hizo 7 zinatosha watu wapatao 117. Zikiwa 14, zinatosha watu wapatao 328. Njia zimeongezeka mara mbili, watu wameongezeka karibu mara tatu. Kwa hiyo, sekta iliyozidiwa mara nyingi hukombolewa kwa kuongeza vifaa kidogo kwenye mnara uleule, ilimradi kuna mtu anayezitazama takwimu za sekta hiyo kwa saa badala ya kwa mwezi.

Siku ya gulio watu 117 huwa elfu moja. Wapangaji wa mtandao wanaijua Kariakoo kwa sababu ipo mbele ya macho yao, lakini gulio la kata linalokusanyika mara moja kwa wiki halionekani kwenye wastani wowote. Isitoshe, ile nafasi moja niliyosema imebaki kwa mawasiliano ya ndani ndiyo inayobeba muamala wa simu ya kitochi, ule wa kubonyeza nyota, namba na reli. Simu inapoita huitumia kwa sekunde chache ikaiachia. Muamala huishikilia tangu menyu inapofunguka hadi namba ya siri inapokubaliwa. Huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, minara mingi ilikuwa imepangwa kwa kudhani kwamba nafasi hiyo ni ya kuunganisha simu na kupitisha ujumbe mfupi tu. Nimewahi kukaa kwa wakala mmoja mwisho wa mwezi, nikiwa na kipimo changu, nikaona njia za maongezi ziko wazi kabisa huku foleni ya wateja ikiambiwa kwamba mtandao uko chini. Mtandao ulikuwa juu. Ulikuwa umegawanywa vibaya, na kuugawanya upya ni amri ya dakika chache inayotolewa kutoka ofisini.

Mambo haya hayaonekani kwa sababu tunapima kwa wastani. Chukulia sekta ambayo simu moja kati ya tano hushindwa kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, na saa nyingine zote haina tatizo. Kama saa hizo mbili zinabeba sehemu ya tano ya simu zote za siku, ripoti ya siku itaonyesha kwamba zimeshindwa simu 4 tu kati ya 100. Ichanganye sekta hiyo na nyingine mia mbili za mkoa, na haitaonekana kabisa. Kwenye karatasi mkoa ni mzima, na ndani yake kuna kijiji ambacho kila jioni, wakati watu wametoka shambani na wana nafasi ya kumpigia mtoto aliyeko Dar es Salaam, hakina simu.

Hata sisi wapimaji tumechangia. Gari la kupimia hupita barabarani, basi mtandao hupimwa barabarani, hurekebishwa barabarani, na hatimaye barabara ndiyo inayokuwa na mtandao mzuri kuliko nyumba. Katika miaka yangu yote nimeagizwa kupima kwa miguu ndani ya kijiji mara chache mno, na kupima ndani ya nyumba ya bati, mlango ukiwa umefungwa, sijawahi kuagizwa hata mara moja. Niliifanya kwa hiari yangu, na mara nyingi tofauti kati ya uani na chumbani ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya mtandao na kutokuwa na mtandao.

Kuhusu umeme na njia za kuunganisha minara sitasema mengi, kwa kuwa yanafahamika. Nitataja moja tu. Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipokatika, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilihisi siku hiyohiyo, na kila mwenye simu janja alijua kuna jambo. Mnara wa kijijini unaounganishwa na mwingine kwa mikrowevu, yaani mawimbi ya redio badala ya waya, ya masafa ya juu unaweza kukatika kila mvua kubwa ya masika inapopita katikati ya njia yake, na habari hiyo wakaijua wanakijiji peke yao. Njia inayokatika kwa mvua ilipangwa ndefu mno au kwa masafa ya juu mno kwa mvua za eneo lile, na hilo nalo hujulikana mapema kwa anayelipima badala ya kulikadiria.

Kutokana na hayo, nina maombi. La kwanza na kubwa ni kwamba mnara unaojengwa kwa fedha za umma usihesabiwe kuwa umekamilika siku unapowashwa. Sehemu ya malipo ya mkandarasi, ya kutosha kumuuma, ibaki hadi upimaji ufanyike ndani ya kijiji kilichotajwa kwenye mkataba, kwa miguu na kwa bodaboda, ndani na nje ya nyumba, katika saa yenye shughuli nyingi na katika siku ya gulio kama lipo. Kisha urudiwe baada ya miezi mitatu watumiaji wakishaongezeka, na mara nyingine baada ya masika. Anayeujua mnara kwa kuuwasha tu atajitetea kwamba upimaji huo ni ghali. Mimi nimeufanya, na nathubutu kusema kwamba ni tone ukilinganisha na bei ya mnara usiotumika.

Mamlaka hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, nazo zimetusaidia sana kujua laini ngapi zinatumika na wapi. Naomba takwimu za ubora zishuke hadi kwenye kata, na zitolewe kwa saa mbaya kuliko zote za siku badala ya wastani wa siku. Kampuni zinazo namba hizo tayari. Kila mnara huzirekodi wenyewe na kuzituma makao makuu. Najua zitasema kwamba ni siri ya biashara. Lakini tangu Machi 2017 mwananchi ana haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba yake, na haki hiyo haina maana kubwa kwa mtu asiyejua ni mtandao gani unaofanya kazi kijijini kwake saa mbili usiku.

Vyuo vyetu pia vipewe kazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kwa kutaja viwili tu, vina wanafunzi ambao kila mwaka hutafuta mada ya mradi wa mwisho. Wakipewa mtambo wa kurushia, vipimo na ruhusa ya masafa ya majaribio, ndani ya miaka michache tunaweza kuwa na namba za ufifiaji wa mawimbi za Usambara, za Uluguru, za mwambao na za nyanda za Dodoma, zikawekwa wazi ili kila mchoraji wa mtandao azitumie. Ikumbukwe kwamba kadiri masafa yanavyopanda, kama inavyotokea kwa 5G, makosa ya kukadiria huadhibiwa zaidi, kwa kuwa mawimbi hayo huchoka mapema na hayapendi kuta.

La mwisho ni kumbukumbu, na hapa narudi Usambara. Mwaka jana nilipita kijijini kwa msiba wa rafiki, nikakuta watu wawili wamesimama juu ya jiwe la Posta wakiwa na simu masikioni. Nilidhani ni mazoea. Mwenyeji wangu akaniambia kwamba tangu mafundi walipokuja kubadilisha antena ili kuweka 4G, mtandao umeondoka tena. Nilikwenda hadi chini ya mnara na kuangalia kwa darubini. Antena ni mpya, nzuri, zimefungwa kwa ustadi, na zimeinama nyuzi mbili hivi kwa jicho langu, kama mchoro wa mwanzo ulivyoagiza. Nyuzi 8 tulizoziacha zilikuwa kwenye ripoti yetu, na ripoti hiyo haikuwahi kuingizwa kwenye mchoro. Naomba basi iwe ni sharti la leseni kwamba kila mnara uwe na daftari moja la hali yake halisi, lenye urefu, uelekeo na mwinamo wa kila antena, majirani zake, tarehe ya kila badiliko na sababu yake, na kwamba fundi yeyote asipande kabla ya kulisoma.

Ripoti ya mnara ule ninayo bado, pamoja na vipimo vya siku zile tatu. Nitaikabidhi kwa ofisi yoyote kati yenu itakayoihitaji, na nauli ya kufika pale nitajilipia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu wa mitandao ya simu,
Korogwe, Tanga.